Kitufe cha Nimerudi

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeingia chumba cha redio cha mume wangu. Mara ya kwanza tangu tumzike. Nilijiambia naenda kufuta vumbi tu – uongo mtupu, vumbi limejaa hata sebuleni na sijaligusa.

Kila kitu kipo alivyokiacha. Redio zake mbili, nyaya zimesokotana kama utumbo, kikombe chenye chai iliyokaukia chini. Nikakiosha. Halafu nikajuta kukiosha! Kompyuta niliiwasha mimi, sijui hata kwa nini. Redio nayo ikawaka hapo hapo – alikuwa ameziunganisha, mvivu yule, asije akanyanyuka mara mbili. Na ile programu yake ya Morse, lugha yao ya milio mifupi na mirefu, ikafunguka yenyewe.

Miaka yote ya ndoa nimesikia ti-ti-taa, ti-ti-taa kupitia ukuta. Nilikuwa namwambia hiyo redio yako inaniuma kama jino. Sikujifunza hata herufi moja. Kumbe siku hizi si lazima ujue. Programu inasikiliza, yenyewe inaandika kwenye skrini. Tena inaandika hata kelele! E E T I E T E. Mvumo mtupu wa hewani, nayo inahangaika kuutafutia herufi. Nikakaa nikazitazama zile herufi zisizosema kitu, nikalia. Nimelia vizuri leo, bila wifi kunishika bega na kuniambia nijikaze.

Mara mstari ukanyooka. Likatokea jina lake la hewani, zile herufi na namba alizobandika mpaka kwenye mlango wa friji. Mtu anamwita. Akaita tena na tena. Kisha: UPO? UPO?

Nikazima kila kitu. Nikaenda jikoni nikakaa.

Jumanne, 4 Machi

Nimempigia simu Mwenyekiti wa chama chao cha redio. Akasema bila kufikiri: huyo ni Bwana Mvua, shemeji. Amekuwa akimwita kila jioni saa kumi na moja tangu mumeo alipolazwa.

Bwana Mvua namjua kwa kusikia. Rafiki wa hewani, yuko mbali huko nchi za watu, na kila siku taarifa yake ya hali ya hewa ni moja. Hawakuwahi kuonana. Mume wangu alimjua mtu huyo kuliko alivyowajua ndugu zangu.

Mwenyekiti akanieleza desturi yao. Mwenzao akifa, hutangazwa hewani kwamba amenyamaza, na jina lake halitumiwi tena. Alikuwa anangoja ruhusa yangu tu. Nikamwambia asubiri kidogo. Akauliza kuna nini. Hakuna kitu, nikasema, subiri tu. Akanionya kwa adabu: leseni ilikuwa ya marehemu, kusikiliza sikiliza, kutuma usitume. Antena atakuja kuishusha Jumamosi ya tarehe ishirini na mbili.

Sikumwambia sababu. Naiandika hapa. Mume wangu amekufa hospitali, amekufa benki, amekufa kwa majirani. Kwa Bwana Mvua bado hajafa. Nataka abaki mzima mahali pamoja, hata kwa siku chache. Nampenda na nimemkosa, basi.

Alhamisi, 6 Machi

Nimefanya ujinga. Mungu wangu, nimefanya ujinga!

Iko hivi. Chini ya skrini pana vitufe. Vidole vyake vilipoanza kuvimba viungo, kama miaka miwili iliyopita, aliacha kugonga kwa mkono. Na kuandika kwenye kibodi hakuweza – kidole kimoja kimoja, kama kuku anadonoa. Mimi niliyepiga chapa mahakamani mpaka nikastaafu nilikuwa nasimama mlangoni namcheka. Basi akajitengenezea sentensi zilizo tayari. Unabonyeza kitufe, kompyuta inagonga Morse yote yenyewe. SALAMU. HEWA. ASANTE. KWAHERI. Na cha mwisho kabisa: NIMERUDI.

Saa kumi na moja Bwana Mvua akaita. UPO? UPO? Sauti ilikuwa hafifu. Mtu anayebisha hodi hivyo kila siku, unaachaje kumjibu? Mkono ukaenda kwenye NIMERUDI. Nilidhani litatoka neno hilo moja.

Ikaanza kugonga, na maneno yakajiandika mbele yangu: OPERESHENI IMEKWENDA SALAMA. NIKO NYUMBANI. WAZIRI ANANILISHA KAMA BATA WA KUUZWA. MOYO UNADUNDA VIZURI. RAFIKI YANGU USIOGOPE TENA. NENDA NAWE.

Nilitafuta pa kuizima, sikupaona. Nikasimama tu mpaka ikamaliza.

Aliiandika kabla ya kwenda hospitali. Aliiandaa, ili akirudi abonyeze mara moja tu. Jioni ile alijifungia humu, mimi nikipiga kelele kwamba begi halijafungwa. Na Waziri ni mimi. Waziri wa Mambo ya Ndani, alikuwa akiniita hivyo mbele ya wageni nikinuna. Kumbe na kule kwa watu nasifika!

Bwana Mvua akaandika: ASANTE MUNGU. NALIA HUKU. KESHO TUONGEE.

Ijumaa, 7 Machi

Leo Bwana Mvua amekumbushia agano lao, sasa naelewa "nenda nawe".

Ugonjwa wao ni mmoja, vali ya moyo. Daktari wa Bwana Mvua amembembeleza mwaka mzima akubali kupasuliwa, naye amegoma. Wazee wawili wakapatana hewani: mmoja atangulie, akitoka salama mwenzake afuate. Wangu ndiye aliyetangulia.

Leo akaandika: NIMEMWAMBIA DAKTARI NDIYO. ALHAMISI TAREHE 20. BILA WEWE NISINGEKUBALI.

Nikabonyeza ASANTE. Halafu KWAHERI. Hakuna kitufe cha jambo jingine.

Jumapili, 9 Machi

Binti yetu amekuja. Ni mfamasia, nikaona huyu walau atanipa jibu lenye kichwa na miguu. Nikamweleza yote. Alikuwa anamenya viazi, akaweka kisu chini.

Mama umefanya nini, akasema.

Tukarudia yale ambayo hatupendi kuyarudia. Operesheni ya baba yake ilikwenda sawa, hilo ni kweli. Aliamka. Alitembea. Siku ya kurudi nyumbani tulikuwa tumeshamvalisha shati, yeye anatafuta miwani. Damu iliganda mguuni ikapanda mpaka kwenye mapafu, na pale pale kitandani akaondoka. Binti anasema yanayotokea hivyo ni machache mno. Na huyo mzee asipopasuliwa hamalizi mwaka.

Kwa hiyo nisimwambie? nikauliza.

Usimwambie mpaka apone, akasema. Ukimwambia sasa ataogopa, hatakwenda, na atakufa. Utakuwa umemuua kwa ukweli.

Na asipopona? Akienda akafa kwa sababu marehemu alimwambia asiogope?

Akaanza kulia juu ya viazi. Akasema baba angemwambia aende tu. Najua angemwambia. Lakini yeye angesema akiwa hai, na mtu angejua nani anamshauri.

Hatukula.

Jumatano, 12 Machi

Kwake mvua. Nilijua.

Akaniuliza – akamuuliza – WAZIRI BADO ANANUNA UKIWASHA REDIO? Nikacheka kwa sauti, peke yangu, mara ya kwanza tangu msiba. Na kabla sijafikiri vidole vikawa vimeandika: HANUNI SIKU HIZI. Redio hiyo, ti-ti-taa! Kumbe chochote unachoandika kwenye kibodi kinagongwa papo hapo. Hakingoji ubonyeze kitu. Herufi ikishatoka imetoka.

Yeye huko akafurahi: UNAANDIKA UPESI SANA. NA VIDOLE VIMEPONA?

KWAHERI, nikabonyeza haraka. Uso ulikuwa unawaka moto.

Nikiri kitu. Kwa dakika moja nilijisikia raha. Kama tulikuwa watatu mezani.

Ijumaa, 14 Machi

Ananieleza anavyojiandaa. Amenyoa ndevu. Amempa jirani paka wake. Mkewe alishafariki zamani, watoto wako mbali, kwa hiyo wa kumwambia ni mimi. Yaani yeye. Sijui tena nisemeje.

Kila jioni naketi nikiwa nimeamua kumwambia. Kila jioni anaanza kwa furaha, nami nabonyeza HEWA.

Jumatatu, 17 Machi

Mwenyekiti amepita ghafla kutazama mlingoti wa antena, ajue alete kamba za urefu gani. Kisha akaomba aone chumba. Akasimama mbele ya meza, akaweka kiganja juu ya redio. Ilikuwa moto bado.

Nilidhani atanigombeza. Ningemjibu, nilikuwa na maneno tayari mdomoni. Hakunigombeza. Akavuta kiti cha marehemu akakaa, akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema shemeji, sisi hewani hatuonani sura, wala hatusikii sauti. Tunachoshikilia ni kimoja tu, kwamba anayejitaja ndiye mwenyewe.

Nikamwambia bintiye marehemu anasema nikimwambia mzee wa watu hatakwenda. Akasema huenda asiende, ni kweli. Lakini ni kifua chake kitakachopasuliwa. Mwambie wewe, au nipe ruhusa nimwambie mimi leo hii.

Nitamwambia mwenyewe, nikasema. Niliona haya kama mtoto aliyekutwa na sukari mkononi. Akaniachia namba ya daktari mmoja wa chama chao, eti nikihitaji. Akaondoka bila kunywa hata maji.

Jumanne, 18 Machi

Hewa mbaya. E E T E I. Nilikaa mpaka mgongo ukauma. Nilikuwa tayari kabisa leo, nimeshajipangia na maneno, na hakuna mtu.

Au tuseme ukweli: nilishukuru.

Jumatano, 19 Machi

Binti amepiga simu asubuhi. Mama, kesho ndiyo kesho, akasema, nakuomba unyamaze siku moja tu. Siku moja. Nikamwambia nimesikia. Sikumwambia nimekubali.

Nimewasha mapema. Nimefunga na mlango, sijui namfungia nani.

Saa kumi na moja, huyo hapo. Leo anasikika wazi kama yuko chumba cha pili. Hakusema mvua. Akaandika: NIKO HOSPITALI. WAMENIRUHUSU REDIO NDOGO KWENYE KORIDO. WANANIPASUA ASUBUHI. NAOGOPA NDUGU YANGU. NIELEZE. ULIPOAMKA ILIKUWAJE?

Nikavitazama vitufe. SALAMU. HEWA. ASANTE. KWAHERI. NIMERUDI. Vitano, na hakuna hata kimoja.

Nikaweka mikono yote miwili kwenye kibodi, kama kazini. Nikaandika bila kusimama, kwa sababu ningesimama ningeacha.

MIMI SI YEYE. MIMI NI WAZIRI. NISAMEHE. NDIMI NILIYEKUJIBU SIKU ZOTE HIZI. UNAULIZA ALIVYOAMKA NAKUELEZA NILIKUWEPO. ALIFUNGUA MACHO AKANITAZAMA MIGUUNI. AKASEMA WAZIRI UMEVAA VIATU VISIVYOFANANA. KWELI NILIVAA HIVYO NILITOKA NYUMBANI MBIO. AKACHEKA AKASEMA KIFUA KINAUMA NIKICHEKA USINICHEKESHE. SIKU YA PILI ALIOMBA CHAI AKALALAMIKA HAINA SUKARI. SIKU YA TATU ALITEMBEA MPAKA DIRISHANI. ALISEMA NIKIRUDI NITAMWAMBIA BWANA MVUA AENDE. DAKTARI WAKE ALISEMA MOYO UNAFANYA KAZI VIZURI.

Kila neno ni la kweli. Naapa. Sijatia chumvi hata punje. Nikaishia hapo. Nilijiambia labda inatosha. Labda mtu mwenye hofu akisikia alifungua macho, alicheka, alitembea, hataomba zaidi. Labda ataelewa mwenyewe, au ataamua asielewe, na asubuhi ataingia na yale mazuri tu.

E T E. Nikadhani nimempoteza. Nikadhani ameanguka pale koridoni! Nikasimama, nikakaa, nikasimama.

Kisha: SALAMU WAZIRI.

Kisha tena, taratibu, herufi moja moja: NA KISHA?

Naandika hapa kwenye shajara ili mikono ipate la kufanya. Skrini iko mbele yangu. Simu imeita, ni binti, sijapokea. Kesho asubuhi watamlaza pale mezani, na mimi hapa ndimi ninayejua. Nikisema, labda anatupa shuka anarudi nyumbani kwake kufa polepole. Nisiposema nimemsindikiza nikiwa nimeficha mkono nyuma. Nimechoka. Wewe uliyeniachia vitufe vyako vya furaha, ungenitengenezea na kimoja cha hili!

Ameandika tena. NIPO WAZIRI. SEMA TU. NISIINGIE MLE NA MANENO NUSU.

Nimeweka kalamu chini nikaandika kwenye kibodi KISHA.

Imetoka. Nimeisikia ikigongwa mpaka herufi ya mwisho. Anangoja inayofuata.