Msumari Kwenye Chungu cha Mvuke

Jumatatu, 7 Julai

Nimeingia zamu saa kumi na mbili asubuhi. Baridi ya Nangwa imenishika magoti yote mawili. Nimepakia kuni, nimeongeza maganda ya alizeti, presha ikapanda kabla sijanywa uji. Boila ni kama mke mdogo. Ukichelewa kumlisha ananuna, na kiwanda kizima kinajua.

Leo kaletwa injinia. Binti, anaitwa Neema, katoka Arusha. Ana kipima joto kama bastola, anaelekeza kwenye bomba, namba zinatokea. Tajiri wetu, Bwana Salehe, kamleta kwa sababu kuni zinaisha haraka kuliko mafuta ya alizeti yanavyotoka. Asipojua zinakokwenda, atafunga upande wa kusafishia mafuta.

Binti kanisalimu shikamoo vizuri. Nikaitika, nikamwambia bastola asinielekezee, mimi nilishapoa zamani. Kacheka. Nimempenda. Hilo ni baya kwangu.

Jumanne, 8 Julai

Anakagua kila kitu. Mabomba yasiyovikwa, anasema yanapasha joto hewa ya Hanang bure. Masizi ndani ya boila. Kuni mbichi. Mlango wa moto ninaouacha wazi ili nipashe mgongo. Yote anaandika. Upande wa kusafishia mafuta hajafika bado. Naomba aumwe tumbo kidogo.

Niandike tu, hakuna mwingine atakayesoma. Nyuma ya tangi la kuondolea harufu, mwisho wa bomba, kuna kidude cha chuma. Kazi yake ni kutoa maji na kuzuia mvuke usitoke. Sisi wachochea moto tunakiita chungu, maana kinafanana. Miaka mitatu iliyopita nilikifungua nikakitia msumari kisifunge tena. Mvuke unapita wote, unaingia kwenye mpira, unatokea nje ya ukuta, unachemsha pipa. Akina mama wa jirani wanachota maji ya kuogea. Nilianza kwa ajili ya Mama Selina tu, mjane, ana kicheko kizuri. Sasa wanakuja kumi na mmoja. Hao kumi sikuwaita.

Kwa hiyo kuni najua zinakokwenda. Zinakwenda kuoga.

Alhamisi, 10 Julai

Siku mbaya.

Tajiri katukusanya uani. Kasema kuni zinaibwa, na kabla ya Jumapili atamjua mwizi. Macho yake kwa Gidamis. Gidamis ni mwenzangu wa zamu ya mchana, rika la mwanangu wa kwanza, ana watoto watano na mkokoteni wa punda. Kosa lake ni huo mkokoteni.

Halafu injinia akasema, kwa upole kabisa: "Kesho nitakagua mitego yote. Kuna mmoja unaachia, nitaupata."

Mitego! Mpaka chai inaisha, kila mtu ana habari zake. Wengine, mitego imefukiwa chini ya kuni. Wengine, ni kamera. Mama wa jikoni kasema ni dawa kutoka Sumbawanga. Gidamis hakumaliza chai yake.

Mimi nilimfuata binti pembeni, nikamuuliza ni mitego ya nini. Kanionyesha picha kwenye simu. Chungu! Chuoni wanakiita mtego wa mvuke. Nilicheka mpaka nikakohoa. Halafu kicheko kikaisha chenyewe, maana kesho atafika kwenye changu.

Ningeweza kurudi uani kuwaambia mtego ni chungu tu. Sikurudi. Watu wakitafuta mwizi wa kuni hawatafuti mzee mwenye msumari. Niliwaza hivyo, kwa maneno hayo hayo.

Ijumaa, 11 Julai

Asubuhi kabla ya watu nimeng'oa msumari, nimefunga chungu, nimekunja mpira. Binti kapita saa nne na bastola yake. Vyungu vyote vizima. Kakuna kichwa.

Saa nane mchana Gidamis hakutokea. Nikashika zamu yake. Chungu kikiwa kimefungwa, presha ilikaa yenyewe, nikapakia kuni kama nusu ya siku zote. Jioni tajiri kaja kutazama rundo. Kaita watu. "Mnaona? Siku asipokuwepo, kuni zimebaki." Kesho saa sita anampeleka polisi Katesh.

Msumari ule nimeung'oa kwangu nikampigilia mwenzangu.

Nimekwenda kwake nikitoka kazini. Anafunga mzigo akimbilie kwa mjomba wake, kijiji cha Daudi. Mwaka jana alichukua gogo moja akachonga mpini wa jembe, anaamini mtego umeliona. Nikamwambia hakuna mtego, ni chungu, na mwizi ni mimi. Kanitazama kwa uchovu. "Mzee Tluway, wewe unatania hata msibani. Niache nifunge mzigo."

Ni kweli. Natania hata msibani. Nilitania hata kwenye msiba wa mama yake.

Nimemwomba asubiri mpaka kesho mchana. Akaendelea kukaza kamba. Naogopa. Miaka kumi na minne ya boila, na kingine cha kufanya sikijui.

Jumamosi, 12 Julai

Nimesimama uani saa tatu, nikasema yote. Wakacheka. Nilipofika kwenye habari ya akina mama kumi na mmoja, fundi wa mashine akakaa chini kabisa. Tajiri mwenyewe akatabasamu. "Mzee, leo sina nafasi ya hadithi zako."

Basi nikawachukua mpaka nyuma ya tangi. Nikafungua chungu, nikatia msumari, nikaunganisha mpira. Nje pipa likaanza kunguruma. Kwenye boila sindano ya presha ikateremka, kidogo kidogo, wote wanaiona. Binti akaelekeza bastola kwenye bomba, akasoma namba, akaisoma tena. Hakuna aliyecheka.

Tajiri kaninyooshea mkono. "Kabidhi funguo, Mzee Tluway." Polisi hakuita, si kwa Gidamis wala kwangu. Kamtuma mtu na pikipiki amrudishe Gidamis.

Injinia kasema kwa sauti ya chini: "Babu, ungeniambia tu Jumatatu." Hilo limeniuma kuliko funguo.

Mama Selina kaja na ndoo saa kumi. Nikamwambia maji yamekwisha, bomba litarudishwa kwenye boila. Kauliza kama nimefukuzwa kwa ajili yake. Nikasema hapana, kwa ajili ya wale kumi. Hakucheka.

Jumatano, 16 Julai

Niko nyumbani siku ya nne. Nasikia Gidamis kapewa zamu zote mbili mpaka apatikane mwingine. Mabomba yamevikwa. Upande wa kusafishia mafuta haufungwi.

Nimekata alizeti zangu, mistari miwili. Kutoka shambani bomba la moshi la kiwanda linaonekana. Mpaka saa tano moshi ulikuwa mwembamba, karibu mweupe. Wakati wangu ulikuwa mweusi. Gidamis anachochea vizuri kuliko mimi.

Hapa kwangu hajapita.