Pale Mkasi Unapoingia Kitambaani

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta goti limeshapoa, na Baba bado anakusumbua na redio yake, maana siku akinyamaza ndipo tuogope. Huku watoto wazima. Wanakula, wanagombana, wanalala. Mimi silali. Nimeona nikuandikie kwa sababu kwenye simu ungenijua kwa kupumua tu.

Uliniuliza kozi yangu ya ushonaji ya mtandaoni inaendeleaje, nikakujibu inakwenda. Haiendi, Mama. Imelala doro. Nilipofunga kibanda cha kushonea niliwatangazia wote kwamba sasa nafundisha tu, watu watalipia masomo na kujifunza kwenye simu zao. Waliolipia ni wachache mno, tena baadhi yao ni shangazi zangu walionionea huruma. Kozi hii ikifa sina kazi nyingine, sina mbele wala nyuma.

Si kwamba nimekaa tu. Shoga yangu Chiriku, yule muuza keki anayeongea mpaka masikio yanaomba poo, ndiye mshauri wangu, kwa kuwa keki zake huziuza mtandaoni. Kwanza alisema bei iko juu. Nikashusha, kimya. Akasema kwenye picha ya tangazo nimenuna kama mwenye nyumba anayedai kodi. Nikapiga nyingine, meno yote nje. Kimya, isipokuwa mwanamume mmoja aliyeuliza kama nimeolewa. Akasema basi somo la kwanza liwe bure, watu waonje. Hapo walikuja, jamani! Walikuja wengi kweli, wakatazama kidogo, wakala kona. Nililia bafuni huku bomba liko wazi ili watoto wasinisikie.

Juzi Chiriku alikuja na kompyuta yake akanionyesha kwamba mtandao huonyesha hata mahali mtazamaji alipochoka na kuondoka. Kumbe karibu wote wanaondokea mahali pamoja. Nimeshapima kitambaa, nimeshachora kwa chaki, nashika mkasi, halafu picha inaruka na vipande viko mezani vimeshakatwa. Masomo yote yako hivyo. Alimwandikia mmoja wao kumuuliza, naye akajibu kwamba mwalimu huyu ni tapeli, hajui kukata, anakatiwa. Chiriku akataka kujua kwa nini fundi mzima kama mimi nifiche jambo ninalolijua kuliko yote. Nilimjia juu, nikamwambia arudi kwenye keki zake. Akafunga kompyuta, akaondoka bila neno, na wewe unajua Chiriku kukosa neno ni msiba.

Mama, kaa chini kwanza. Mkono wangu wa kulia unatetemeka. Ulianza kidogo nikasema ni uchovu. Sasa hata kikombe nakishika kwa mikono miwili. Daktari amesema ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu, dawa zitaupunguza lakini hautaondoka. Kibanda sikukifunga kwa maendeleo kama nilivyojigamba. Nilikifunga baada ya kuharibu kitambaa cha bibi harusi, naye amesimama mbele yangu anaangalia. Vile vipande vya kwenye masomo hukatwa na mume wangu akifuata chaki yangu, kamera ikiwa imezimwa. Kwa hiyo aliyeniita tapeli hakukosea sana.

Nimekuficha wewe kuliko watu wote. Wewe ndiye uliyeushika mkono huu ukaufundisha mkasi, na mpaka leo unawaringia watu kwa ajili yake. Niliogopa uso wako. Nisamehe, Mama.

Chiriku nimemwomba radhi, akalia kuliko mimi. Tumekubaliana kulirekodi upya somo la kwanza, yeye atashika kamera. Nitakata mwenyewe, taratibu, mkono wa kushoto ukiukandamiza wa kulia, na mkasi ukipotoka nitawaonyesha namna ya kukiokoa kitambaa. Sijui kama watabaki. Naogopa. Ila somo ni la bure, majirani zako wataliona na kukuletea simu zao, nami sikutaka habari za mkono huu uzipate kwa watu baki.

Nisalimie Baba, mweleze wewe, mimi siwezi. Wasalimie na wadogo zangu wote. Na wewe, Mama, hata wengine wakiondoka, nakuomba unitazame mpaka mwisho.

Ni mimi,
kifungua mimba wako