Kitambaa cha Mama

Nyumbani kwa baba,
Pomuch, Campeche.
29 Oktoba.

Mpendwa mdogo wangu Nelsy,

Hujambo huko Los Angeles? Mgongo umepoa, au bado unaongeza zamu hotelini? Wilberth na watoto wanaendeleaje? Sisi tu wazima. Baba anakula vizuri, ila macho yake yote mawili yameingia ukungu, siku hizi ananitambua kwa sauti.

Nilifika juzi kutoka Campeche mjini. Kila ua wa nyumba umechimbwa shimo la kuokea pibi, ile mikate yetu ya mahindi yenye kuku, na makaburini watu wamejaa na brashi zao za kusafishia mifupa ya wafu wao.

Kifurushi chako kilifika. Sikufichi, nilipokifungua nilitamani kulia. Kitambaa ulichomdarizia mama ni kizuri, Nelsy. Wale ndege wa bluu! Nami nilikuwa nimeshinda miezi minne nikidarizi changu cha maua mekundu, kama kila mwaka tangu mifupa yake itolewe kaburini na kuwekwa sandukuni. Baba hakuuliza hata changu kiko wapi. Alikwenda dukani kwa mwoka mikate akamtangazia kila mtu, "Mwaka huu mke wangu atalalia kitambaa cha Nelsy! Kimetoka ng'ambo hicho!" Kwa wivu nikaurudisha mkate wangu kikapuni.

Mimi ndiye niliyemwogesha mama alipougua. Mimi ndiye ninayemsafisha kila Oktoba. Wewe unatuma kifurushi kimoja baada ya miaka sita, basi unakuwa malkia.

Jana tulikwenda makaburini, mimi, baba na shangazi Geny. Nilianza na mifupa ya miguu nikapanda juu, lakini hasira zilikuwa mkononi. Shangazi akanikemea, "We Landy! Huyo mama yako, si sufuria iliyoungua! Taratibu bwana!" Nikacheka, nikaona haya. Nilimwomba mama radhi, nikamalizia fuvu kwa upole kama nilivyokuwa nikimfuta uso.

Ulipofika wakati wa kutandika, nikatoa changu mkobani. Ndiyo, kwa makusudi. Chako nilikiacha kabatini. Baba akaomba akiguse kile kilichokuwa mkononi mwangu. Akapapasa ua moja baada ya jingine, machozi yakamtoka.

"Mnaona? Huu ni mkono wa Nelsy wangu," akasema. "Kazi ya Landy naijua mimi, haifiki hapa hata kidogo."

Shangazi akanitazama, akainamia brashi yake. Nikajibu, "Ndiyo, baba, kizuri." Nikapanga pindo zake kandokando ya sanduku, tukarudi nyumbani.

Nilidhani nitafurahi. Kumbe hata nilipokushinda, aliyesifiwa ni wewe. Na leo asubuhi, kabla hajanywa kahawa, baba ameniuliza utakuja lini. Nikammiminia tu kahawa.

Msalimie sana shemeji, wabusu Yazmín na Eliezer. Shangazi Geny anakusalimu, anasema unenepe kidogo. Mungu awalinde na baridi na mabosi wakorofi.

Kitambaa chako sikurudishii, wala sitamtandikia mama. Makaratasi yako ya uhamiaji yamekamilika tangu Machi, kisingizio huna. Njoo mwakani utandike mwenyewe, baba akushike wewe, aache kulilia maua yangu.

Ni mimi dada yako nikupendaye, kijicho na yote,
Landy