Mashimo ya Upande wa Juu

Wewe, upo?

Unakumbuka kile kituo cha mafuta nilichopima mwaka jana, tangi lao lilipodaiwa kuvuja? Bosi akaamua mashimo yote matatu ya kupimia tuyachimbe upande wa juu wa mteremko, juu ya tangi, eti huku chini kuna mawe yatatuvunjia mashine. Upande wa juu! Maji ya ardhini yanapanda mlima lini?

Udongo ukatoka safi, maji safi. Nikajua kabisa tumepima pasipofaa. Nikasaini ripoti kwamba hakuna kinachovuja.

Sasa leo nimepita kwa shangazi, nyumba ya tatu ukiteremka kutoka kituoni. Kanichotea maji ya kisimani. Nimeinua kikombe tu, petroli ikanipanda puani. Petroli, nakwambia!

Nikamuuliza, “Shangazi, haya mnakunywa?”

“Tunakunywa. Yana kaharufu kidogo, tumeshazoea.”

Tumeshazoea!!!

Na ripoti yangu kaibandika ukutani, pale jikoni, sahihi yangu inaniangalia.

Nikamwambia kisima kifungwe leo hii. Akacheka, masikini.

“Majirani walitaka kukifunga tangu mwaka jana. Mimi ndiye niliyewakatalia. Niliwaambia, aliyepima ni mtoto wetu.”