Mume Wangu na Majira Sabini na Mawili

Jumapili, mwisho wa Oktoba 2011. Anderlecht, Brussels. Manyunyu tangu asubuhi, na mimi nimenuna tangu juzi.

Shajara, nina wivu. Basi, nimesema.

Mume wangu, Papa Debora, anafua mashuka katika nyumba ya wazee. Anayekunja naye ni Madame Haruko, Mjapani. Na shuka, kama hujui, halikunjwi na mtu mmoja. Mnasimama uso kwa uso, mnavuta, mnasogeleana, mnakutanisha ncha. Kutwa nzima!

Huko ndiko alikofundishwa kwamba Wajapani wa zamani waligawa mwaka vipande sabini na viwili, kila kimoja siku tano hivi, na kila kimoja kina jina: bata bukini wanarudi, nyenje wanalia mlangoni, umande unaganda. Sasa hivi eti ni siku za mvua nyepesi. Bon, hilo Brussels nzima inalijua bila kuambiwa.

Lakini yeye! Leo tukitoka kanisani amesimama katikati ya njia kutazama jani moja lililoanza wekundu pembeni. Watu wanatupita, mimi nimeshika mwavuli kama mjinga. Jani ameliona. Nywele nilizoshinda nasukwa jana kule Matonge, mtaani kwa Wakongo wenzetu, wapi!

Miaka yote nikimwambia "tazama", amechoka. Madame akisema "tazama", anatazama.

Mchana nikaandaa meza kwa vishindo. Nikamwuliza, siku kama hizi Madame wako anaziitaje? Hakukasirika. Aliangalia sufuria, akasema polepole:

"Maman Debora, kila mwaka mayani ikianza kuanguka, unapikaka bukari ya bantu mingi. Sawa vile bageni banakuya. Ni juu kwetu mvua ya kwanza inaanguka."

Nikaangalia na mimi. Bukari, ugali wetu, ya kushibisha ukoo, na sisi tuko watatu. Lubumbashi mvua ya kwanza ikinyesha, kumbikumbi hutoka, na nyumba ya mama yangu hujaa watu wa kuwala. Sikujua kwamba mikono yangu bado inawapikia.

Nililia, ndiyo. Nilifurahi pia. Mtu ameniona.

Halafu, nikiosha vyombo, wivu ukarudi, tena mkali kuliko wa asubuhi. Miaka yote ya ndoa hakuwahi kuniona hivyo. Macho hayo amepewa na nani?

Sasa nitamshukuruje yule Madame, na bado simpendi?