Kwa Silvano, Aliyechanganya Makava ya Santuri

Mwaka umetimia, Silvano Chibago, tangu uiache meza yako ya karanga pale sokoni Majengo. Anayekuandikia ni mkeo Ruthu, mwanamke pekee wa mtaa huu ambaye sauti yake imo kwenye santuri. Wanaosoma tangazo hili la kumbukumbu wajue wanaongea na mjane wa namna gani. Haya, sikuimba. Nilikohoa. Lakini nilikohoa kwenye santuri.

Ilikuwa kwaya yetu ya wasichana kule Kibakwe. Ukumbi ulikuwa umetoka kutumika kuhifadhia mahindi, vumbi limejaa, na mwenye mashine ya kurekodi alisema akishaanza harudii. Ubeti wa pili, koo likaniwasha. Wenzangu walininunia hadi naolewa. Wewe uliinunua santuri ile bila kutujua, ukaja Kibakwe kutafuta karanga, na badala ya kuuliza karanga ukauliza, "Nani aliyekohoa?" Baba yangu alidhani umetumwa na bwana afya. Hivyo ndivyo ulivyonichumbia.

Ulikuwa huwezi kumpimia mtu karanga mpaka umsikilizishe kitu. "Hii hujaisikia," unamwambia, hata shikamoo yake hujaitikia. Vijana wa bodaboda uliwawekea mzee wa Mvumi na zeze lake, kwa sababu katikati ya wimbo kuna mbuzi analia, na ole wake aliyewasha pikipiki kabla ya mbuzi. Wafanyakazi wa ofisini uliwapa Kilimatinde Jazz, bendi iliyotoa santuri moja tu ikafa. "Msikilizeni mpiga gitaa," unasema, "anachelewa kidogo kila mara, kama mtu aliyebaki nyuma kufunga kamba za viatu." Unaeleza hivyo mikono iko hewani, karanga zinamwagika. Hamza wa Kondoa, mwenye duka la kanzu jirani yako, ulimpa kwaya, naye akakurudishia taarabu ya akina mama wa Tanga ambao hata Tanga yenyewe haikuwajua. Na ile ya mtu wa nchi za mbali anayepiga kinanda peke yake, ulituwekea kila mvua ya kwanza ilipogusa bati, ukasema mvua na mpiga kinanda, wote wawili bado hawajaamua waanze au waache.

Shida yako ilikuwa picha. Mtu akiona kanisa kwenye kava, anasema yeye Mwislamu. Akiona mama kajifunga kanga ya maua, anasema yeye ameokoka. Siku moja ukachoka. Ukatoa santuri zote kwenye makava yake, ukabandua vile vikaratasi vya katikati vyenye majina kwa ukucha, ukarudisha kila moja kwenye kava la mwenzake. "Wacha wasikie kwanza," uliniambia, "watakasirika baadaye." Mke wa mchungaji alitikisa kichwa mchana mzima kwa taarabu, akasema kwaya za pwani zina neema.

Sisi wa nyumbani tulijua. Waliokaa mezani kwako walijua. Aliyekuwa akipita na gari na kupunga mkono hakujua.

Sasa nikueleze ya Jumamosi, maana ilibaki kidogo sanduku lako la santuri liondoke.

Baada ya ibada yako ya kumbukumbu, wageni walipokwisha kula, kaka yako Obedi alituketisha uani, sisi wa familia na Hamza. William, mwanawe yule anayefanya kazi ofisini Mtumba, alikuwa ameshaegesha gari kwa nyuma, mlango wa mizigo wazi.

"Baba mdogo aliniachia lile sanduku la santuri," akasema. "Alinitamkia mwenyewe. Sikutaka kulizungumza mapema, msiba ulikuwa bado mbichi."

Alisema kwa adabu, macho chini. Mimi mwenyewe ningemwamini, kama si binti yetu Hilda kuwa amemsikia nyuma ya jiko, anaongea na simu: "Bosi, ukuta wote wa sebule utajaa. Picha za zamani, kali kweli kweli." Makava, Silvano. Anataka makava ya kupambia sebule ya bosi wake. Hilda alininong'oneza kabla hatujaketi.

Lakini ningesema nini? Unamjua Obedi. Akishatamka jambo uani, limekwisha, na mjane anayebishania vitu vya marehemu huambiwa ana tamaa. Nikaona sanduku lako liko miguuni pa William, na kikohozi changu kimo humo. Ulinipata kwa kikohozi kile. Kikiondoka, nitabaki na nini cha kukuthibitisha?

"Shemeji, wewe unasemaje?" Obedi akaniuliza.

"Mimi niseme nini, shemeji? Kama marehemu alimpa mtoto, amempa."

Hamza alinitazama kama niliyetemea chakula. Nikamgeukia William, sauti yangu ikawa uji wa mtoto.

"Mwanangu, hebu nifurahishe. Mliwahi kusikiliza pamoja, wewe na baba yako mdogo?"

"Sana, mama mdogo! Hata wiki ile kabla hajalazwa." Akainama, akapekua, akatoa kava lenye picha ya kanisa la Kibakwe. "Hii hapa. Tulikuwa sisi wawili tu. Machozi yalimtoka."

"Hii hii?"

"Hii hii."

"Na mimi ulinisikia?"

Akacheka. Habari za kikohozi changu nani hazijui? "Waziwazi, mama mdogo! Kama uko chumbani unahitaji maji."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Halafu nikamwona Hilda hacheki. Nilikumbuka kwamba baada ya matanga Hilda alilisafisha sanduku lile, santuri moja moja, kwa kitambaa. Mtoto yule ni mpenda utaratibu, hata vijiko anavilaza upande mmoja. Sikuwahi kumuuliza kama alizirudisha ulivyoziacha wewe au alizipanga kila moja kwenye kava lake halisi. Kama alizipanga, basi mimi na ujanja wangu nimekwisha kulitoa sanduku lako, mbele ya mashahidi, kwa mdomo wangu mwenyewe.

"Basi tuisikie," Obedi akasema. "Nami sijamsikia shemeji akikohoa siku nyingi."

Hamza akaleta mashine ya kupigia santuri, akavuta waya kutoka dirishani. Nilimtafuta Hilda kwa macho, anipe hata ishara. Alikuwa anakusanya sahani, amenipa mgongo. William akaitoa santuri kwenye kava mwenyewe, akaiweka mwenyewe. Hamza akashusha sindano. Ikakwaruza, ikakwaruza, unavyojua inavyochelewa, na mimi nikaimba ile kwaya yetu moyoni, nikiiomba isije.

Likaja gitaa.

Likaja gitaa la pili, limechelewa kidogo, linafunga kamba za viatu.

Niliuma pindo la kanga nisipige kigelegele mbele ya shemeji yangu. Hamza akainua kidole juu kama ulivyokuwa ukifanya wewe, akasema taratibu, "Hii hujaisikia." Obedi alimgeukia mwanawe polepole, kiti kikalia.

"William. Hii ndiyo kwaya ya Kibakwe?"

"Ni… ni utangulizi, baba."

"Utangulizi."

"Ndiyo. Kikohozi kiko mbele."

Obedi akakunja mikono kifuani. "Basi tutakisubiri."

Tukasubiri, Silvano. Uani dansi linapigwa, tumba zinaingia, mwimbaji anamwita mpenzi wake arudi Kilimatinde, na sisi wote tumemkazia macho yule kijana. Jasho lilimshuka hadi kwenye kola. Kila wimbo ulipotulia kidogo aliinua shingo, kama mtu wa stendi anayedhani basi lake limefika.

Sanduku limerudi sokoni, kwenye meza yako, pembeni ya duka la Hamza. Hakuna atakayelihamisha, Obedi ametamka. Mwenye masikio apite Majengo, ataambiwa hujaisikia hii, na asitazame picha. Ile yenye kikohozi imo kwenye kava gani, tunajua mimi na Hamza, na kila jioni kabla hajafunga duka nakwenda kujisikia. Ukifika ubeti wa pili bado nakugeukia nione umecheka.

Kila sindano itakapogusa santuri tutakukumbuka, leo na siku zote: mimi mkeo Ruthu; binti yako Hilda, ambaye anaapa hakupanga kitu, alifuta vumbi tu kwa sababu baba yake alikataza kuzipanga; kaka yako Obedi; jirani yako Hamza na mkewe Mishi. Na mwanao William, ambaye upande ule ulipokwisha aliinuka mwenyewe mbele yetu sote, akaigeuza santuri, akasema sasa anakumbuka vizuri, kikohozi kilikuwa upande wa pili.