Uzi Uliojikata Wenyewe

Wifi yangu mwenye mdomo mtamu,

Huku wazima, paka kazaa tena. Ila nusura nifukuzwe kazi yangu ya kuosha vichupa maabara! Ule uzi wa ndani ya seli wanaouchunguza, kila wakiupima wanakuta kipande kimekatwa na ncha zimeungwa. Shoga yako Mama Miwani, bosi wetu, akanivaa: "Wewe unaosha bila glavu! Uchafu wa mikono yako ndio unaokata!"

"Mama, uchafu gani huo unaokata na kushona?"

Juzi kaosha vichupa mwenyewe, katia uzi mpya na chumvichumvi tu, kafunga. Kuupima, umejikata! Kumbe uzi ukijikunja, sehemu zilizokuwa mbali zinakutana, na pale kwenye mkunjo ndipo penye makali. Akaniomba radhi, mdomo kauvuta hadi kidevuni. Nilicheka mie!

Kazi ninayo. Lakini wifi, uzi unajikata, maneno hayajipeleki. Habari ya glavu nilimwambia mtu mmoja tu, na barua hii kaishika yeye.

Msalimie kaka yangu.

Ni mimi wifi yako, ninayekupenda hivyohivyo.